Picha Moja ya Mama Mkwe: Siku Nne na Kamera Kisiwani Rusinga

Na Mwandishi Wetu, Matasia

UKIINGIA sebuleni kwangu hapa Matasia utakutana na Milima ya Ngong kabla hujakaribishwa kiti. Nimeipiga picha kutoka kila upande: ikiwa imejifunika ukungu wa Julai, ikiwa imekauka mwezi wa Februari, kabla ya ile mitambo mirefu ya umeme wa upepo kusimamishwa mgongoni mwake na hata baadaye. Mke wangu husema kwamba mgeni akitaka kujua sura za watu wa nyumba hii itambidi angoje warudi jioni, maana ukutani hawamo.

Ana haki ya kulalamika. Karibu na mlango pana msumari usio na kitu. Aliupigilia yeye mwenyewe mwaka wa 2020, tayari kwa picha ya marehemu baba yake ambayo tulikuwa tumeahidiwa kutoka kwao, kisiwani Rusinga. Picha hiyo haikufika. Mwezi wa Mei mwaka huo maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kuvunja rekodi ya mwaka wa 1964. Vijiji vingi vya ufuoni vikaogelea, na nyumba ya mama mkwe wangu ikawa mojawapo. Watu waliokoa blanketi, sufuria na mbuzi. Sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda lilikumbukwa siku ya pili. Ndani yake mlikuwa na vyeti vya shule, Biblia na albamu ya pekee ya ukoo huo.

Mama aliianika albamu ile juani kama anavyoanika omena. Ikakauka, ikawa donge moja gumu kama mkate wa juzi.

Tangu siku hiyo akaapa kwamba hataki tena kuonana na kamera. Picha, alisema, ni za watu wanaosubiri kuzikwa. Msomaji anayeifahamu Nyanza ataelewa usemi huo. Mtu akifariki, jamaa hukimbia huku na huko wakitafuta sura ya kuweka juu ya jeneza na kwenye tangazo la mazishi, na mara nyingi kinachopatikana ni kitambulisho. Kile kipicha kidogo hukuzwa mpaka marehemu anageuka kivuli kilichotoa macho kwa woga, kama siku ile alipoketi mbele ya karani wa serikali. Ndiyo maana Desemba iliyopita, shule zilipofungwa, mke wangu alinikabili kwa maneno machache: “Wewe unajidai kuwa mpiga picha. Sitaki mama yangu azikwe kwa sura ya kitambulisho.”

Basi tukafunga safari: mimi, mke wangu, na binti yetu wa kidato cha pili ambaye ni mwanachama wa chama cha wapiga picha shuleni mwao. Nilibeba kamera yangu ya zamani ya filamu na mikanda mitatu ya picha 36. Binti yangu alikuwa na kamera ndogo ya dijitali aliyoazimwa na mwalimu wake, na bila shaka simu.

DARAJA MAHALI PA TUTA

Kutoka Matasia unapanda matatu hadi Nairobi, kisha basi la usiku linalopitia Narok, Bomet, Kisii na Homa Bay hadi Mbita. Mwendo wote ni zaidi ya kilomita 350, na kukikucha, ukiwa umeketi upande wa kulia, utaanza kuliona ziwa likimetameta katikati ya vilima. Nilijaribu kulipiga picha kupitia kioo cha dirisha. Nilipata picha nzuri sana ya pua yangu.

Rusinga ni kisiwa kidogo, urefu wake kama kilomita 16 na upana wake hauzidi kilomita tano. Zamani mtu alivuka kwa mashua. Katika miaka ya 1980 likajengwa tuta la mawe na udongo kukiunganisha na Mbita. Tuta hilo liliwarahisishia watu usafiri lakini likaziba mkondo wa maji. Ziwa upande mmoja likadumaa, na wavuvi wakanung'unika kwa miaka mingi. Baadaye daraja likajengwa na maji yakaachiwa njia. Simama hapo asubuhi upate picha ya kwanza bila kutoa jasho. Mashua zinapita chini, bodaboda zinapita juu zikiwa zimepakia mikungu ya ndizi na magodoro, na kwa mbali vinaonekana vilima vya Gembe.

Hapa nitoe ushauri mmoja kwa wanafunzi, kisha nisiurudie. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Saa nne ikishapiga, jua husimama utosini, vivuli huingia machoni mwa watu na kila uso hugeuka fuvu. Kule Rusinga jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na huzama muda kama huo jioni, na giza huingia upesi kuliko inavyosimuliwa katika vitabu vya Ulaya. Una saa mbili za asubuhi na saa moja na nusu za jioni. Katikati ya hapo, kula samaki na ulale.

KABURI LENYE UMBO LA RISASI

Hakuna mgeni anayefika Rusinga bila kupelekwa Kasawanga kwenye kaburi la Tom Mboya. Kijana huyu wa ukoo wa kisiwa hiki alizaliwa Agosti 15, 1930, katika shamba la mkonge karibu na Thika ambako baba yake alifanya kazi. Alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi akiwa bado na umri wa miaka ya ishirini, akaanzisha mpango wa ndege za wanafunzi kwenda Marekani, ambapo ndege ya kwanza ya mwaka wa 1959 ilichukua wanafunzi 81, na alikuwa waziri alipopigwa risasi Julai 5, 1969 akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Jengo lililojengwa juu ya kaburi lake lina umbo la risasi. Wengine huliona kuwa ni wazo kali mno. Mimi nilisimama mbele yake nusu saa nisijue niipige vipi picha hiyo, kwa sababu jengo lenyewe linang'aa na linarudisha jua lote machoni mwa kamera. Ukipima mwanga juu yake, kamera itadhani dunia nzima ni angavu na itawafanya watu waliosimama kando yake kuwa weusi tititi. Binti yangu ndiye aliyepata dawa. Alingoja wingu. Lilipofunika jua alipiga mara moja tu, mtoto wa jirani akiwa anapita na mtungi wa maji, wala hakutazama kaburi, kwani yeye hulipita kila siku.

Ndani mna picha na vitu vya Mboya. Zitazame picha hizo kwa makini hata kama wewe si mtu wa siasa. Mboya aliijua nguvu ya kamera mapema kuliko wengi wa rika lake, na Machi 1960 sura yake ilikuwa katika jalada la gazeti la Time la Marekani. Siku aliyouawa, Mohamed Amin, Mkenya aliyejifunza kamera tangu utotoni na ambaye miaka 15 baadaye angeamsha dunia kwa picha za njaa ya Ethiopia, alikuwa mmoja wa waliofika na kurekodi dakika zile za huzuni. Amin mwenyewe alifariki Novemba 1996 katika ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro. Nilimweleza binti yangu hayo yote tukiwa tumeketi kivulini. Akaniuliza, “Baba, sasa wewe ungempiga picha mtu anayekufa?” Nikamwambia kwamba sijui. Mpaka leo sijui.

FUVU NA SOKWE WA SARAKASI

Vilima vya Rusinga havina mvuto mkubwa katika picha. Ni mteremko wa udongo wa kijivu, miba, na mbuzi. Lakini vimebeba majivu ya mlima wa volkeno wa kale uitwao Kisingiri, na katika majivu hayo wanyama na mimea ya miaka milioni 18 iliyopita imehifadhika kwa namna ya ajabu. Oktoba 1948, mumewe Louis Leakey akiwa ameinamia mabaki ya mamba, Mary Leakey aliona jino likichungulia ardhini. Jino likafuatwa na taya, na taya ikafuatwa na uso mzima wa nyani wa kale. Mary alilipeleka fuvu hilo Uingereza kwa ndege na akalakiwa na waandishi na wapiga picha kama vile amemleta malkia.

Kiumbe huyo aliitwa Proconsul, jina lililotungwa mwaka wa 1933 kwa mzaha wa kumkumbuka Consul, sokwe aliyekuwa akichezeshwa mbele ya watu huko Uingereza. Mwaka wa 2015 wataalamu waliona kwamba wale wa Rusinga ni jamii ya peke yao, wakawapa jina jipya, Ekembo, neno la Kisuba, lugha ya asili ya watu wa visiwa hivi. Spishi mojawapo imepewa jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba pamoja na akina Leakey kwa miaka mingi. Kwa hivyo kutoka sokwe wa sarakasi tumefika kwa Kisuba na kwa Mukiri. Safari hiyo imechukua zaidi ya miaka themanini.

Ukienda huko, piga picha utakavyo lakini usiokote hata kijiwe. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inalinda mabaki hayo, na jino likishaondolewa mahali pake halina tena habari ya kumwambia mtaalamu. Weka sarafu kando ya kitu ili ukubwa wake uonekane, piga picha, ondoka.

“UNAPIGA PICHA YA NANI?”

Lakini si kaburi wala fuvu vilivyonifanya nikeshe. Ni omena.

Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku ambao mwezi haupo. Huelea na taa majini, zamani karabai za mafuta ya taa na sasa nyingi ni za betri na za nguvu za jua. Wadudu hufuata mwanga, dagaa hao wadogo hufuata wadudu, na nyavu hufuata dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mashua huvutwa pwani na watu hurekebisha nyavu. Kwa hivyo mpiga picha asiyetazama kalenda ya mwezi anaweza kusafiri kutoka Nairobi aje apate ufuo mtupu. Vilevile asiende kati ya Aprili na Julai, kwani huo ni wakati wa kufungwa kwa uvuvi wa omena ili wazaane.

Sisi tulibahatika kupata giza totoro. Tukisimama ufuoni usiku, tuliona kule majini mji mzima wa taa, kana kwamba Nairobi imehamia ziwani. Niliiweka kamera juu ya jiwe, nikafungua shata kwa sekunde 20, na nikahesabu kwa sauti. Mashua zilikuwa zikitikisika, kwa hivyo kila taa ilijichorea mstari wake wa kupindapinda. Nilifikiri picha zimeharibika. Baadaye niligundua kwamba hizo ndizo zilizokuwa bora, kwani mtu anayezitazama anahisi mawimbi.

Alfajiri mashua zilirudi. Hapo ndipo kisiwa kinapoamka kwa kelele. Wanawake wanaingia majini hadi magotini na ndoo na karai, bei zinapigiwa kelele, korongo na kunguru wanaiba, na kufikia saa moja na nusu ufuo mzima umetandikwa nyavu kuukuu ambazo juu yake omena wametapakaa kama fedha iliyoyeyushwa. Jua la siku moja likitosha, mzigo huenda Nairobi na kwingineko kama chakula cha watu. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, hununuliwa kwa bei ya kutupa na kusagwa kuwa chakula cha kuku. Ndiyo maana kila mwanamke pale ana jicho moja kwenye kazi na jicho la pili mawinguni.

Nilimwona mama mmoja wa makamo ameinama, akisambaza omena kwa mkono ulioenda na kurudi kama anayepanda mbegu. Mwanga ulimpiga ubavuni. Nilisogea, nikainua kamera, nikabofya. Akainua kichwa.

“Wewe baba! Unapiga picha ya nani?”

Nikatabasamu, nikasema napiga picha ya omena.

“Omena ana kitambaa kichwani? Umenitazama nimeinama, hukunisalimu, sasa unanibeba. Unanipeleka wapi? Mwaka jana walikuja wengine na makamera makubwa, wakasema watatuletea picha. Tunangoja.”

Wenzake waliacha kazi. Nilihisi masikio yakiwaka. Ajabu ni kwamba mambo hayo nayajua vizuri kutoka upande wa pili. Sisi tuliokulia karibu na Ngong tumewaona watalii wakisimamisha gari, wakiwapiga picha wazee wa Kimaasai waliokuwa wakipeleka ng'ombe wao mnadani, na kuondoka. Niliwahi kumsikia mzee mmoja akiuliza kama sura yake huko iendako inalipwa. Tulicheka. Pale Rusinga sikucheka.

Mke wangu alikuja akamwamkia kwa Kidholuo, akajitaja ni binti wa nani. Uso wa yule mama ukabadilika. “Kumbe huyu ni mkwe wetu! Mbona hakusema?” Nikaomba radhi. Nikaelekezwa pia kwa mwenyekiti wa kamati ya ufuo, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kuifungua kamera, kwa kuwa kila ufuo una kamati yake inayosajili mashua na kujua nani ameingia. Mwenyekiti alikuwa na sharti moja tu: waliopigwa picha wapate nakala. Yule mama naye akaongeza la kwake, kwamba apigwe akiwa amesimama, na debe lake la kupimia mkononi, ili ionekane kwamba ni mfanyabiashara wala si kibarua.

Nikampiga hivyo. Ni kweli kwamba ile ya kwanza ina mwanga mzuri zaidi. Imebaki katika mkanda, na sijaisafisha kwa ukubwa wala sitaichapisha.

Jambo moja la ufundi lilimtesa binti yangu pale. Kila alipowapiga wanawake wakiwa katikati ya omena, nyuso zao zilitoka nyeusi bila macho wala mdomo. Kamera haijui mtu ni nani. Inachofanya ni kutafuta wastani wa mwanga, na omena wanaong'aa huidanganya. Dawa yake ni kusogea karibu na uso, kupima mwanga hapo, au kuongeza mwanga kwa kiwango kimoja zaidi ya kamera inavyotaka. Wazazi wetu waliteseka na jambo hili zaidi. Filamu za rangi zilizokuja Afrika zilipimwa rangi zake viwandani kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyoitwa Shirley, tangu miaka ya 1950. Kampuni ya Kodak ilianza kurekebisha mambo, inasimuliwa, baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha kulalamika kwamba bidhaa zao za kahawia hazionekani sawasawa. Malalamiko ya watu weusi yalikuwa yamengoja foleni nyuma ya kabati.

KARAI LA MAJI

Sasa nirudi kwa mama mkwe.

Kwa desturi za huko, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawazoeani. Humshiki mkono hovyo, huingii chumbani mwake, hulali katika boma lake (sisi tulilala Mbita), na mkiwa mnazungumza unatazama kando. Anaitwa “maro”, na neno hilo husemwa kwa sauti ya chini. Hebu fikiri sasa: ni mkwe gani atakayemwelekezea lenzi mama huyo, afumbe jicho moja na kumkodolea la pili? Shemeji yangu alicheka hadi akashika mbavu. “Shemeji, hata ukimlipa ng'ombe kumi hutampiga picha.”

Siku ya kwanza na ya pili mama alikataa hata kamera ya mjukuu wake. Siku ya tatu, binti yangu akaomba kuliona lile donge la albamu.

Alikuwa amesoma mahali kwamba picha zilizogandana hazibanduliwi zikiwa kavu. Uso wa picha umetandazwa gelatini, kitu cha jamii ya gundi, ambacho kikilowa hulainika na kikikauka hushika. Ukivuta, sura ya mtu hubaki mgongoni mwa mwenzake. Njia ni kuzirudisha majini. Tukatafuta karai safi na maji baridi ya mvua, maana ya ziwa yana tope, na donge likazamishwa. Alikaa kando yake kwenye mkeka tangu saa tatu hadi alasiri, akibadilisha maji kila yalipogeuka rangi, akijaribu pembe moja baada ya nyingine kwa kucha, bila kulazimisha. Bibi yake alikuwa akipitapita, anajifanya anatafuta kuku.

Picha za rangi zote zilikwisha. Rangi ilitoka ikaelea majini kama mafuta ya matatu barabarani. Zile chache za zamani, nyeusi na nyeupe, zilivumilia zaidi. Ya kwanza kubanduka ilikuwa ya darasa la shule, vichwa vitano vimesalia kati ya arobaini. Ya pili ilimwonyesha mwanamume amesimama kando ya mashua yenye tanga, shati limepigwa pasi, mkono mmoja umeshika kasia. Kuanzia mabegani kwenda juu palikuwa na doa jeupe.

Mimi nilikuwa nimeketi mbali, chini ya mwembe, mahali panapomfaa mkwe. Nilimwona mama amesimama nyuma ya mjukuu wake kwa muda mrefu. Kisha akaketi mkekani, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote hizo, akaonyesha kwa kidole. Mke wangu alinieleza baadaye alichosema: “Huo ni mkono wake. Kidole hicho kilikatwa na nanga.”

Jioni hiyo mama alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akatoka na kiti hadi uani. Alisema apigwe upesi kabla hajabadilisha nia, na kwamba atashika picha ile ya karaini, ikiwa bado na maji vilevile, ili mumewe awemo.

Nilichoweza kufanya ni kumwita binti yangu nyuma ya nyumba na kumpa kamera yangu ya filamu. Nilikuwa nimebakiza picha sita. Nikamwambia: jua lipo kushoto kwako, mgeuze dani kidogo alitazame ziwa, pima mwanga usoni, usipime kwenye gauni, kwa kuwa gauni ni jeupe. Usimwambie acheke. Ukishapiga tano, acha moja. Kisha nikabaki nimeutazama ukuta wa matope, nikisikia shata: moja, kimya kirefu, mbili. Nilimsikia mama akiuliza kitu na mtoto akijibu. Tatu. Katika miaka yote niliyobeba kamera sijawahi kutetemeka hivyo kwa picha ambayo hata siioni.

Filamu haikupi jibu papo hapo kama simu. Siku hizi studio za kuisafisha zimekuwa chache, na ile ninayoiamini iko Nairobi, kwa hivyo tulisafiri usiku kucha na mkanda ule mfukoni mwa koti langu, mkono wangu ukiwa juu yake kama mtu aliyebeba mshahara. Wiki moja baadaye nikaitwa niuchukue.

Kati ya zile tano, mbili zimetikisika. Ya tatu mama amefumba macho. Ya nne ni nzuri. Ya tano ndiyo yenyewe: haitazami kamera, anatazama ziwa kama alivyoelekezwa, ameishika picha yenye unyevu mapajani kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, na tone moja la maji limeonekana kabisa likiwa njiani kudondoka kwenye gauni. Nyuma yake kuna kipande cha mbuzi.

Nilichapisha nakala tatu kubwa. Moja iko kwenye ule msumari. Ya pili anayo shemeji. Ya tatu tulifunga katika kadibodi pamoja na nakala za yule mama wa debe na za watu wengine wanane wa ufuoni, kila moja ikiwa na jina nyuma, tukampa dereva wa basi la Mbita. Binti yangu aliiskani pia ile picha ya mkono na kasia ili isitegemee tena karatasi moja, na akaweka nakala mahali pawili.

Baada ya siku nne simu ililia. Alikuwa shemeji, akiwa amesimama karibu na mama yake, kwa sababu nilikuwa nikimsikia akimsukumia maneno. Kifurushi kimefika, alisema. Picha za ufuoni zimegawiwa, na mama wa debe ameiweka yake dukani mwa mumewe. Mama naye ameipenda, ameitundika juu, karibu na dari, mahali ambapo maji hayatafika. Ila ana swali moja kwa mkwe wake.

“Anauliza, mbona mmemkata mbuzi?”